Mashine ya kufulia huchaguliwa bombani kwanza, dukani baadaye

Anayetaka kununua mashine ya kufulia huanza na swali la kampuni: ipi inadumu? Swali lina maana, ila si la kuanzia. Mashine mbili zilizotoka kiwanda kimoja siku moja zinaweza kuishi maisha tofauti kabisa, moja Tabata na nyingine Kigamboni, kwa sababu ya maji yanayoingia, umeme unaoilisha, sabuni inayotiwa na namna ilivyofungwa. Kwa hiyo kabla hujakanyaga Kariakoo, au Luthuli kama uko Nairobi, zunguka kwanza nyumbani kwako ukiwa na futi ya kupimia na ndoo ya lita 20.

Anza na bomba. Mashine za otomatiki huingiza maji kupitia valvu ndogo ya umeme iliyoko nyuma, pale unapofungwa mpira wa maji. Valvu hiyo haina nguvu ya kujifungua yenyewe. Sumaku yake hufungua kitundu kidogo tu, halafu presha ya maji ndiyo inayoinua kiwambo cha raba kilicho ndani, na presha hiyohiyo ndiyo inayokikandamiza kirudi kufunga. Maji yakija kinyonge hutokea mambo mawili. La kwanza unaliona: mashine inajaa polepole, bodi (saketi inayoiongoza mashine) inahesabu dakika, muda ukipita mashine inasimama na kuonyesha hitilafu. LG huandika IE, Samsung huandika 4C, au 4E kwenye matoleo ya nyuma. La pili linajificha: valvu haikazi, maji yanaendelea kudondoka ndani hata mashine ikiwa imezimwa, na siku ya kufua unakuta tayari kuna maji. Watu wengi wameuziwa bodi mpya kwa tatizo ambalo liko juu ya mnara wa tangi.

Kitabu cha maelekezo hutaja presha inayotakiwa, ama kwa bar ama kwa MPa; MPa 0.1 ni sawa na bar 1. Mashine nyingi zinataka kuanzia bar 0.5, nyingine bar 1, chache zinaridhika na 0.3. Mtaani hesabu yake ni nyepesi: kila mita 10 za kimo cha maji hutoa karibu bar 1. Simtanki lililokaa kwenye mnara wa mita 3 linatoa bar 0.3 na kidogo, hata kama ni la lita 5,000, maana kinacholeta presha ni kimo, si ukubwa wa tangi. Pima kuanzia usawa wa maji tangi likikaribia kuisha, ushuke mpaka kwenye kiungio cha mpira nyuma ya mashine. Wanaokaa kwenye maghorofa wasikie hili: mwenye presha ndogo kuliko wote ni wa ghorofa ya juu kabisa, kwa kuwa tangi liko mita mbili tatu tu juu ya kichwa chake. Jirani wa chini anaweza kuwa na mashine inayokwenda vizuri kabisa, wewe ukanunua ileile ikakugomea.

Kisha pima wingi wa maji. Fungua bomba litakalolisha mashine, weka ndoo ya lita 20, tazama saa. Ikijaa ndani ya dakika mbili na nusu unapata lita 8 kwa dakika, na hiyo inatosha. Ikichukua dakika tano, rekebisha maji kwanza. Unaweza kuinua tangi. Unaweza kuondoa mabomba ya nusu inchi yenye kona nyingi na kuleta bomba la robo tatu moja kwa moja. Au unafunga pampu ndogo ya kuongeza presha, ya wati 100 hivi, inayojiwasha maji yanapoanza kutembea. Hiyo huongeza karibu bar 1. Pampu ifungwe baada ya tangi. Ukiifunga moja kwa moja kwenye bomba la mtaa, siku maji ni machache itanyonya hewa na matope, na majirani watakosa maji.

Jambo dogo linaloharibu siku ya kufunga: mpira wa mashine una uzi wa robo tatu, wakati mabomba mengi ya majumbani ni nusu inchi. Nunua kiungio cha nusu kwa robo tatu mapema, pamoja na utepe mweupe wa kuzuia uvujaji.

Sasa chumvi. Visima vingi vya Dar es Salaam na ukanda mzima wa pwani vina maji ya chumvi, na chumvi inaua mashine taratibu. Dramu ya ndani ni chuma kisichoshika kutu, kwa hiyo ukichungulia utaona inang'aa tu. Kinacholiwa ni usichokiona: kishikio cha alumini chenye miguu mitatu kilicho nyuma ya dramu, ambacho ndicho kinachobeba dramu na nguo zote wakati wa kukamua. Chumvi na mabaki ya sabuni hujikusanya kwenye pembe zake, alumini inageuka unga mweupe, mpaka mguu mmoja unakatika katikati ya kukamua na dramu inaanza kugonga kuta. Juu ya hayo, maji magumu hayatoi povu upesi, mtu anaongeza sabuni, na sabuni ya ziada inazidisha yaleyale mabaki.

Ikiwa nyumbani kuna maji ya aina mbili, mashine ipewe ya bomba la mtaa, ya kisima yabaki ya kudekia na chooni. Ikiwa yaliyopo ni ya kisima peke yake, na yanaacha ukoko mweupe kwenye sufuria, ningekushauri usitumbukize pesa nyingi kwenye mashine ya mlango wa mbele. Chukua ile ya matangi mawili. Tangi lake la kufulia ni la plastiki, halina kishikio cha alumini, halina hita ya kuganda chokaa.

Hiyo ya matangi mawili inadharauliwa bila haki. Upande mmoja unafua, upande wa pili unakamua. Nguo unazihamisha kwa mkono na maji unaweza kuyamimina kwa ndoo, kwa hiyo presha haiihusu. Haina bodi: ina saa ya kuzungusha, ya kufua kwa kawaida hadi dakika 15 na ya kukamua dakika 5. Ina mota mbili, kapasita, mkanda na breki ya kikamuzi. Fundi yeyote wa mtaani anaijua. Maji ya kwanza yenye sabuni unafulia nyeupe, halafu za rangi, halafu za kazi, na hapo unaokoa maji mengi. Udhaifu wake uko kwenye raba ya chini ya kikamuzi: ikichakaa, maji yanadondokea mota iliyo chini yake na kuiunguza. Ukiona unyevu chini ya upande wa kikamuzi, acha kuitumia hadi raba ibadilishwe. Raba ni rahisi, mota si rahisi. Unaponunua, uliza kama waya wa mota ni kopa au alumini, na uchukue ya kopa. Kumbuka pia kwamba nyingi hazina pampu ya kutolea maji. Mpira wake wa maji machafu lazima ulale chini sakafuni, la sivyo maji hayatoki yote.

Za kufungulia juu, za otomatiki, ni za watu wenye maji mengi. Yenye kilo 7 au 8 hutumia kiasi cha lita 100 hadi 150 kwa mzunguko mmoja, wakati ya mlango wa mbele yenye uwezo huohuo hutumia kama lita 45 hadi 60. Nyingi hazina hita. Faida yake ni kwamba hazimwinamishi mgongo mtu mzima, unaweza kuongeza soksi iliyosahaulika katikati ya kazi, na zinamaliza haraka. Kama maji unanunua kwa boza, piga hesabu ya mwezi mzima kabla ya kuipenda kwa bei yake ya dukani. Ya mlango wa mbele inafua vizuri zaidi, inatunza nguo na inakamua kwa nguvu, ila ndiyo yenye masharti mengi, na masharti yenyewe ndiyo hayo ya presha na chumvi, pamoja na haya ya umeme.

Hita ya mashine ya mlango wa mbele ina wati 2,000 hivi. Kwa umeme wa volti 230 hiyo ni karibu ampea 9, tena mfululizo. Ekstensheni nyembamba ya redio na chaja itayeyuka. Mashine iwe na soketi yake ya ampea 13, yenye ethi, yaani waya wa kupeleka umeme unaovuja ardhini, inayofanya kazi. Ukigusa bati la mashine ukiwa pekupeku ukahisi kukung'ata kidogo, fahamu kwamba kichujio cha umeme kilicho ndani kinapitisha mkondo mdogo kwenda kwenye bati, na kama ethi ingekuwepo ungeondokea huko. Mara nyingi kinachohitaji kutengenezwa hapo ni ethi ya nyumba, wala usipuuze, maana siku hita ikipasuka mkondo hautakuwa mdogo tena. Chumba chenye maji kinastahili pia swichi ya kukata umeme unapovuja, ya miliampea 30.

Kuhusu kinga ya umeme unaopanda na kushuka: vile vidude vya friji vya ampea 5 havitoshi. Chukua cha ampea 13. Ukitaka stabilaiza, isiwe chini ya VA 3,000, kwa sababu hata kama wewe unafulia maji baridi, kuna siku mtu mwingine nyumbani atabonyeza nyuzi 60. Na uliza kama mashine inakumbuka ilipofikia umeme ukikatika. Nyingi za sasa zinakumbuka. Chache zinaanza upya, na kwa mtaa wenye mgao hizo ni karaha.

Mota ndicho kitu kinachotangazwa kuliko vyote, wakati mota si kitu kinachokufa kwanza. Stika kubwa ya waranti ya miaka 10, au hata 20, inahusu mota peke yake. Vinavyokufa ni pampu ya kutolea maji, valvu, kitasa cha mlango, beringi, na bodi. Vyote hivyo kwa kawaida viko kwenye waranti ya mwaka mmoja au miwili, na hiyo ndiyo waranti ya kulinganisha. Hata hivyo mota ya inveta, ambayo kasi yake huongozwa na bodi, ni bora: haina kaboni (vipande vidogo vinavyopeleka umeme ndani ya mota) za kuchakaa na inakwenda kimya. Mota ya kaboni yenye mkanda si mbaya kwa mwenye bajeti ndogo. Kaboni zikiisha, mashine inajaza maji lakini dramu haizunguki au inazunguka kwa kusitasita. Seti mpya hubadilishwa kwa muda mfupi.

Beringi ndizo za kuulizia kwa makini. Dramu inashikiliwa na beringi mbili, za namba za kawaida kama 6204, 6205 au 6206 kulingana na toleo, na mbele yake kuna sili ya raba inayozuia maji. Sili ikichakaa, maji hupita, grisi inatoka, beringi inaota kutu, na wakati wa kukamua mashine inavuma kama ndege inayopaa. Beringi zenyewe si ghali. Suala ni kama tangi la nje limefungwa kwa skrubu au limeunganishwa kwa kuyeyushwa kiwandani. La skrubu linafunguliwa, linawekwa beringi na sili mpya, mashine inarudi kazini. La kuyeyushwa haliachani bila kukatwa kwa msumeno, na wengi hushauriwa kununua tangi zima au kutupa mashine. Muuzaji huenda asijue. Fundi anayezifungua kila wiki anajua, kwa hiyo mtumie namba kamili ya toleo, ile ndefu iliyoandikwa kwenye kibandiko nyuma au kwenye ukingo wa mlango, umwulize mambo matatu: tangi lake linafunguka? pampu yake inapatikana mjini? bodi yake inapatikana kwa siku ngapi? Majibu hayo yana thamani kuliko programu 16 zilizoandikwa kwenye kioo. Ndiyo maana chapa zilizoenea, kama LG, Samsung na Hisense, zina nafuu kwa mkazi wa mkoani: spea zake zinasafiri na basi. Mashine nzuri ya chapa ambayo hakuna fundi wa mji wako aliyewahi kuifungua ni hatari, hata ikiwa na sifa njema Ulaya.

Uwezo wa kilo unahesabiwa kwa nguo kavu za pamba, kwenye programu ya pamba. Taulo la kuogea lina gramu 500 hivi, jinzi ya mtu mzima 600 hadi 700, shati 200 hadi 250. Programu ya haraka huchukua kilo 2 au 3 tu hata kwenye mashine ya kilo 8, na nguo za nailoni na polista ni nusu ya uwezo au pungufu. Familia ya watu wanne au watano inatoshwa na kilo 7 au 8. Blanketi zito la manyoya lina kilo 4 na zaidi likiwa kavu, na likinywa maji linaweza kuvunja springi na shokapu za mashine ndogo. Kama nia ni kufua mablanketi, anza na kilo 9 au 10. Dramu ikishajaa nguo, kiganja kiweze kupita juu yake bila kubanwa.

Kukamua: mizunguko 1,400 kwa dakika huacha nguo za pamba na maji ya karibu nusu ya uzito wake mkavu, 1,000 huacha asilimia 60 hivi, 800 karibu 70. Kiangazi tofauti hiyo huioni kambani. Wakati wa masika, nguo zikining'inia barazani siku mbili, utaiona. Mashine zinazokausha ndani, kwa pwani yetu, sizishauri: zinakausha kiasi pungufu ya zinachofua, zinakula umeme, na nyingi zinatumia maji ya kupozea wakati wa kukausha.

Juu ya maji ya moto, hesabu ni hii. Mashine ya mbele huchemsha kiasi cha lita 15. Maji ya tangi la Dar huingia yakiwa na nyuzi 28 hivi. Kuyafikisha 40 ni yuniti 0.2 za umeme, kuyafikisha 60 ni karibu 0.6. Maji yakiingia na nyuzi 15, kama kwenye nyanda za juu zenye baridi, 40 hiyohiyo inakula zaidi ya 0.4. Kwa nguo za kila siku za pwani, baridi inatosha. Nepi, taulo na mashuka ya mgonjwa yastahili 60.

Za mtumba au za kuletewa na ndugu kutoka nje: za Uingereza, Oman na Dubai zinalingana na umeme wetu wa volti 230 au 240 na hezi 50 (hezi ni idadi ya mapigo ya umeme kwa sekunde). Za Marekani ni volti 120 na hezi 60. Transfoma itabadilisha volti lakini haibadilishi hezi, na pampu ya kutolea maji itazunguka polepole na kupata moto. Za Japani ni volti 100. Ukikagua iliyotumika, shika ukingo wa dramu juu uinue na kushusha: ikicheza peke yake bila tangi la nje kufuata, beringi zimekwisha. Izungushe kwa mkono usikilize mkwaruzo. Funua mikunjo ya raba ya mlango utafute ukungu na matobo. Muulize pia anayeuza mpya kama waranti inatambuliwa na wakala wa nchi hii au ni ya soko lingine, na hakikisha kadi imepigwa muhuri na tarehe.

Siku ya kufunga, kosa la kwanza ni boliti za usafiri. Nyuma ya mashine ya mlango wa mbele kuna boliti tatu au nne zinazobana tangi lisicheze njiani. Hutolewa kwa spana namba 10 au 13, au namba nyingine kulingana na kampuni. Zisipotolewa, ukamuaji wa kwanza utaitembeza mashine chumbani na kuumiza shokapu. Zitoe, ziba matundu kwa vizibo vilivyokuja nazo, na uzihifadhi kwa siku ya kuhama. Sakafu iwe ngumu. Rekebisha miguu hadi mashine isiyumbe ukiisukuma kwa kona, kisha kaza nati za kufungia miguu.

Kosa la pili limejaa kwenye bafu zetu: mpira wa maji machafu unatupwa kwenye tundu la sakafu. Maji yanayoingia yanajivuta yenyewe kutoka, mashine inajaza bila kujaa, na inaleta hitilafu ya maji ingawa bomba ni zima. Mpira lazima upande kwanza hadi sentimita 60 hadi 100 kutoka sakafuni, ndipo ushuke. Msumari mmoja ukutani na kishikio cha plastiki kilichokuja na mashine vinamaliza kazi.

Sabuni iwe ya unga au ya maji iliyotengenezwa kwa mashine, yenye povu dogo. Ya kufulia kwa mikono hujaza povu, povu linazuia nguo kugongana na linaizuia mashine kukamua. Kwa mzigo wa kilo 7, vijiko vinne vya chakula vya unga ni vya kuanzia. Ukiona povu likipanda kioo chote, punguza. Mzunguko wa kwanza uende bila nguo, nyuzi 60, na sabuni kidogo, kuondoa mafuta ya kiwandani.

Chini kulia au kushoto kwa mbele kuna kimlango kidogo, na ndani yake kichujio cha pampu. Huko ndiko huishia sarafu, pini za mitandio, vifungo na mchanga wa Kunduchi. Kifunguliwe kila mwezi, ukiwa umetandika kitambaa na bakuli la kina kifupi, kwa sababu maji ya lita moja au mbili yatatoka. Kwa hiyo kabla fundi seremala hajajenga kabati la jikoni kuizunguka mashine, mwonyeshe hicho kimlango na umwambie aache nafasi ya mkono kuingia na bakuli kukaa.